Habari ya Nchi ya Apapa

Katika mji wa Lagos, huko Nigeria, ng'ambo ya kisiwa chenyewe, pana mahali paitwapo Apapa. Leo ni bandari ya merikebu kubwa. Mwaka 1913 Serikali ya Waingereza ilitangaza kwamba yaitwaa nchi ile kwa manufaa ya watu wote, kwa nguvu ya sheria iliyowekwa mwaka 1903. Sheria hiyo haikuruhusu kutwaa bure. Ilisema mwenyewe alipwe. Shida yote ilikuwa katika neno hilo moja, "mwenyewe."

Wazee wa Lagos husimulia kwamba zamani kisiwa kile kilikuwa mkononi mwa mkuu mmoja jina lake Olofin, naye akawagawia wakuu wapatao 16 kisiwa na sehemu ya bara iliyo karibu. Hao ndio waitwao wenye kofia nyeupe, maana kofia ndiyo alama ya cheo chao. Baadaye wakaja wafalme wa ukoo wa Benin wakautawala mji, lakini mashamba na viwanja vilibaki kwa wenye kofia. Mfalme alitawala watu, hakumiliki udongo. Nadhani wazee wetu vijijini watalifahamu jambo hilo upesi kuliko mawakili.

Basi mwaka 1861, manowari ya Waingereza iitwayo Prometheus ikiwa karibu na mizinga yake, Mfalme Dosunmu alitia alama katika mkataba wa kuwatolea Waingereza mji na kisiwa. Sababu waliyoitaja ni kukomesha biashara ya watumwa. Wenye kofia nyeupe walinung'unika, wakisema mfalme ametoa kisichokuwa chake. Hawakusikilizwa, na miaka hamsini ikapita.

Mkuu wa Apapa aliitwa Amodu Tijani, na jina la cheo chake ni Oluwa. Alidai fidia ya nchi nzima kwa ajili ya watu wake. Mwamuzi Mkuu alimjibu kwamba yeye si mwenye nchi. Ana haki ya kuisimamia tu, na kupokea heshima na ushuru kwa wakaao juu yake. Basi na alipwe kwa kadiri ya haki hiyo. Akaomba rufani, na baraza la waamuzi wa pale likakubaliana na yule wa kwanza. Utazame mtego uliokuwamo katika maneno hayo. Mkuu hawezi kulipwa thamani ya nchi, kwa kuwa si yake peke yake, wala hapana mtu mmoja katika watu wake awezaye kusimama na kusema, "Hii yote ni yangu." Hivyo nchi iliyojaa watu huhesabiwa kana kwamba haina mwenyewe.

Mwaka 1920 Oluwa alikwenda London, kwa Baraza la Mfalme lililokuwa mwisho wa rufani zote za makoloni. Aliyefuatana naye ni Herbert Macaulay, mpima nchi aliyesomea kazi hiyo Uingereza, mjukuu wa Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Kiingereza. Mkuu yule alikuwa Mwislamu. Naye mjukuu wa askofu akawa katibu wake. Walichukua na fimbo ya Eleko, mfalme wa Lagos, iwe ushahidi wa heshima yao. Fimbo hiyo ilimponza mwenyewe. Maneno ya Macaulay juu ya ukubwa wa Eleko yaliiudhi Serikali, ikamtaka Eleko ayakane. Alipokosa kufanya kama ilivyotaka, ikaacha kumtambua. Mwaka 1925 alihamishwa Oyo, asirudi mpaka 1931.

Tarehe 11 Julai 1921 hukumu ilitoka, nayo ilisomwa na Viscount Haldane. Walisema ni kosa kuipima desturi ya nchi za Afrika kwa kipimo cha sheria ya Kiingereza. Huko nchi ni mali ya jamaa au ya kijiji, na mkuu huishika kwa niaba yao; na mkataba wa 1861, hata ukimpa Mfalme wa Uingereza utawala, haukuwanyang'anya watu mali zao. Kwa hiyo Serikali ilipaswa kulipa kama mtu anunuaye nchi yote kwa mwenyewe. Baadaye fidia ikawa paundi 22,500.

Hukumu hiyo haikuzuia mambo kama hayo mahali pengine. Huko Kenya sheria ya 1930 iliahidi kwamba kipande kikitwaliwa katika nchi iliyotengwa kwa Waafrika, watapewa kingine cha kadiri ile ile. Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, ahadi haikuchukua muda: Desemba 1932 sheria iligeuzwa ili fedha iweze kutolewa badala ya nchi. Na fedha, sote twajua jinsi ikaavyo nyumbani.

Nilipolisimulia jambo hili darasani, kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, fedha ile alikula nani?" Wenzake wakacheka, lakini swali lake ni la haki, na waamuzi wa London walikuwa wamekwisha kulifikiri. Walisema Oluwa ataipokea, kisha itagawanywa kwa watu wa jamaa wenye haki katika nchi ile.