Mwanamke na Ukurasa Wake Mtandaoni

Kuandika ni namna mojawapo ya mtu kujijengea nyumba. Mwaka 1994 huko Marekani ilianzishwa kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, iliyompa kila aliyetaka kiwanja cha bure mtandaoni. Viwanja hivyo viligawanywa kwa mitaa, na mtaa mmojawapo, Wellesley, ulikuwa wa wanawake. Wengi ambao kompyuta haikuwa kazi yao walijifunza wenyewe lugha ya HTML, wakaziunda kurasa zao mstari kwa mstari, wakaeleza malezi, maradhi, misiba na mashairi yao. Hapakuwa na mhariri wa kuwaambia kwamba mambo hayo ni madogo.

Lakini kiwanja kilikuwa na mwenyewe. Kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga huko Marekani. Kurasa kwa mamilioni ziliondolewa. Watu wa kujitolea waliwahi kunakili sehemu tu. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Pengine msomaji atauliza: kurasa za watu binafsi zina uzito gani katika historia ya taifa? Jibu tunalo hapa kwetu Afrika Mashariki. Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, alikuwa na tovuti yake iitwayo Kenyan Pundit. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Wananchi wakampelekea habari za waliyoyaona, naye akazitoa. Mzigo ulipomwelemea, Januari 2008 alitoa wazo la kuyaonyesha matukio hayo katika ramani. Wataalamu, akiwamo Juliana Rotich, walilipokea wazo hilo, na ndipo ikazaliwa Ushahidi, ambayo mwaka 2010 ilitumika hata katika tetemeko la ardhi la Haiti.

Utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake nao ulikuwa maandishi ya nyumbani. Umetufikia kwa sababu walikuwapo walioiona thamani yake, wakaunakili kwa mkono. Maandishi ya mama na dada zetu mtandaoni hayana budi nayo kupata wanakili wake. Mwalimu na aanze na darasa lake: wanafunzi wazitafute kurasa hizo, wawaombe wenyewe idhini, wazipige chapa na kuziweka katika maktaba ya shule, pamoja na tarehe na jina la mwandishi.