Simu na Njia ya Reli katika Ukambani

Wasomi wa lugha watakumbuka kwamba neno simu lilitoka Kiajemi, ambako lilikuwa na maana ya waya. Waya huo ulipita Makueni mwishoni mwa karne ya 19, ukiandamana na reli iliyofika Nairobi mwaka 1899. Kibwezi na Makindu zikapata stesheni. Kitui ikaachwa kando. Jambo hili lastaajabisha, kwani Kitui ndiko alikokaa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyempokea Krapf mwaka 1849, na misafara ya Wakamba ndiyo iliyopeleka Mombasa pembe za ndovu pamoja na habari za bara.

Simu ya mkononi haikuhitaji waya. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, mzazi aliyeko Mwingi au Mutomo aliweza kupokea fedha za mwanawe bila kumtegemea msafiri wa basi. Huo ni unafuu mkubwa, lakini kupokea fedha zilizochumwa mjini si kukuza uchumi wa nyumbani. Mji wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013 ili uwe makao ya teknolojia ya habari, uliwekwa Malili, Makueni: karibu na reli ile ile.