Visima vya Bariadi vilivyohamia baharini

Kati ya 2011 na 2013 Wizara ya Maji ya Tanzania iliorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima. Ukiifungua orodha hiyo kwenye ramani ya kompyuta, baadhi ya visima vya Bariadi havionekani Bariadi, wala Tanzania. Vimerundikana kwenye nukta moja katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, palipo na maji mengi lakini hakuna wa kuyachota.

Wanafunzi wa takwimu duniani wanavifahamu visima hivi kwa sababu mistari 59,400 ya orodha hiyo ilitumika katika shindano la mtandaoni la kubashiri ni pampu ipi imeharibika. Mistari 1,812 kati ya hiyo ina longitudo sifuri, na yote ni ya mikoa ya Mwanza na Shinyanga; Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga. Latitudo yake inachekesha zaidi. Si sifuri, bali -0.00000002, yaani kama milimita mbili kusini mwa Ikweta. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa hata ikiwa na siku njema, kwa hiyo tarakimu hiyo haikusomwa na mtu aliyesimama kisimani. Palikuwa na nafasi tupu, na mashine ikaijaza.

Ramani za karatasi hazikuwa na ugonjwa huo. Idara ya Waingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa 1946, ilichora Tanganyika kwa picha za ndege, na karatasi za kipimo cha 1:50,000 zikatumika hadi baada ya uhuru. Pembeni mwa karatasi palichapwa kila kitu: gridi ya UTM, umbo la dunia la Clarke 1880, na msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Mchwa waliweza kuitafuna karatasi, lakini maelezo hayo hayakubanduka yenyewe.

Kwenye kompyuta yalianza kubanduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Esri ya California ilileta muundo wa Shapefile, na mwaka 1998 ikachapisha maelezo yake hadharani, programu za wengine zikaweza kuuandika. Ndiyo maana umeenea kila ofisi ya ardhi. Lakini Shapefile si faili moja. Ni .shp ya maumbo, .shx ya faharasa na .dbf ya jedwali; msingi wa vipimo hukaa kwenye .prj, ambayo si lazima iwepo. Kutuma .shp peke yake ni kama kupeleka mzigo bila anwani. Anayeupokea hubahatisha, na katika mkoa wa Simiyu, ilipo Bariadi leo, ubahatishaji kati ya Arc 1960 na WGS 84 ya GPS husogeza kila kitu karibu mita 300, zaidi kaskazini au kusini. Umbali huo unatosha kukitoa kisima kitongoji kimoja hadi kingine. Wilayani Meatu, mkoani humo, unaweza kuliingiza boma la mfugaji ndani ya Pori la Akiba la Maswa, na hapo hakuna anayecheka tena.

Jedwali la Shapefile nalo limerithiwa kutoka dBASE ya miaka ya 1980. Jina la safu mwisho herufi 10. Andika idadi_ya_wanaume na idadi_ya_wanawake, zote zinakatwa kuwa idadi_ya_w, kisha programu inaipa mojawapo namba. Na nafasi tupu ya tarakimu mara nyingi hugeuka sifuri.

Mwaka 2014 jumuiya ya viwango vya ramani, OGC, iliidhinisha GeoPackage: faili moja lililojengwa juu ya hifadhidata ya SQLite, majina marefu yanakaa, tupu inabaki tupu, msingi wa vipimo umo ndani. GeoJSON, iliyowekewa kanuni 2016, iliukata mjadala kwa kukubali WGS 84 tu. Mimi ningeshauri halmashauri itunze nakala mama kwa GeoPackage, na anayetaka Shapefile atengenezewe. QGIS, ambayo ni ya bure, inafanya kazi hiyo kwa mibofyo michache.

Mistari ile 1,812 haijapotea kabisa. Ina safu za mkoa, wilaya, kata na kitongoji, zilizoandikwa kwa maneno, na bodaboda anayeijua kata anaweza kukufikisha. Ila mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, Busega kutoka Magu. Ndani ya faili, Bariadi bado iko Shinyanga, na mtu wa Itilima akitafuta kisima chake kwa jina la wilaya yake ya leo haoni kitu.