Nshomile: Kile Kiingereza Kikubwa cha Kagera Kilitoka Wapi?

Utani huu Tanzania nzima inaujua. Mhaya akianza kuongea, sentensi ya kwanza ni Kiswahili, ya pili ina "actually", ya tatu ushapotea. Vijiweni Dar jamaa akishasema kwao ni Bukoba au Muleba, tayari keshabatizwa "Nshomile", hata kama aliishia darasa la saba. Na mara nyingi wala hakasiriki! Neno lenyewe kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma". Watu wanacheka, ila ni wachache wanaojiuliza kwa nini watu wa huko ndio waliopewa jina la kusoma.

Mambo yalianza kabla Kiingereza hakijafika. White Fathers walifungua misheni Kashozi, nje kidogo ya Bukoba, mwaka 1892, wakitokea Buganda. Kule Buganda walioingia dini walikuwa wanaitwa "abasomi", yaani wasomaji, kwa sababu kumfuata padri au mchungaji maana yake ilikuwa kukaa chini na kitabu mpaka ukielewe. Maana hiyo ikavuka nayo mpaka. Kwa hiyo kabla "nshomile" halijawa neno la kujidai na cheti, lilikuwa neno la mtu aliyehama kutoka maisha ya zamani kwenda mapya. Siyo kitu kidogo hicho.

Sasa hesabu lugha. Nyumbani Kihaya. Vitabu vya dini vya mwanzo, vingi ni Kiganda. Bomani kwa Mjerumani, Kiswahili. Misa yenyewe, Kilatini. Muingereza alipoishika Bukoba mwaka 1916, kijana aliyekuwa karibu na misheni alikuwa keshazoea kuingia kwenye lugha ngeni kama anavyoingia sebuleni kwa jirani. Kiingereza kwake kilikuwa lugha ya tano.

Hicho Kilatini ndicho watu wanachokisahau, na huenda ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote. Seminari ya Rubya, iliyopo Muleba ya leo, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1900. Seminari za Kikatoliki za wakati ule zilikuwa zinawashindilia vijana Kilatini kila siku. Wengi wao hawakufika upadri. Walitoka wakawa walimu, makarani, wafanyabiashara, na Kilatini chao kichwani. Sasa chukua mtu anayejua kwamba "manus" ni mkono na "scribere" ni kuandika, umpe neno "manuscript". Atahangaika nalo wapi? Mpe "magnanimous", neno ambalo wengine wanalikariri kwa jasho. Yeye anaona "magnus", kubwa, na "animus", moyo au roho. Mwenye moyo mkubwa, basi, imeisha. Maneno marefu ya Kiingereza ambayo Mwingereza wa kawaida mwenyewe anayaogopa, kwa kijana wa Rubya ndiyo yalikuwa mepesi. Vile vineno vifupi vya mtaani London ndivyo vingemshinda. Ndiyo maana Kiingereza cha wazee wa Kagera kinasikika kama hotuba hata wanapoomba chumvi.

Kijana mmoja wa Kamachumu alipita hapohapo Rubya, akaenda seminari kuu ya Katigondo, Uganda, kisha Roma. Mwaka 1960 akawa kadinali wa kwanza Mwafrika. Jina lake wadau wanalijua, limeandikwa hadi kwenye shule ya wasichana pale Bukoba.

Lakini dini peke yake isingelipa ada. Kahawa ndiyo ililipa. Vibanja vya migomba na kahawa vilikuwa vinaingiza fedha taslimu wakati sehemu nyingi za Tanganyika hazina zao la kuuza. Chama kikuu cha ushirika, BNCU, kilianza mwaka 1950, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 bei ya kahawa duniani ilikuwa juu sana. Ada ikapatikana, na jirani akiona mtoto wa mwenzake kaenda shule ya bweni naye hataki kubaki nyuma. Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922, kilikuwa karibu zaidi kwa mtu wa Bukoba kuliko Dar es Salaam.

Shuleni silaha ilikuwa kukariri. Kitabu kilichotamba Afrika Mashariki yote ni First Aid in English cha Angus Maciver, mwalimu wa Scotland, kilichotoka mwaka 1938. Kimejaa orodha: kundi la hiki linaitwaje, mtoto wa kile anaitwaje, kinyume cha hili ni nini. Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anakariri jina la kundi la nyangumi! Inachekesha, ila mtihani ulikuwa haucheki. Shule za sekondari zilikuwa chache, na neno moja lingeweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na kurudi kibanjani.

Na maneno yale yalikuwa na kazi nje ya darasa pia. Mwaka 1924 makarani na walimu wa Bukoba waliunda Bahaya Union, na mojawapo ya shabaha zao ilikuwa elimu. Huko vijijini kulikuwa na nyarubanja, mfumo ambao mkulima alikuwa mpangaji wa bwana kwenye ardhi aliyoilima mwenyewe. Mwaka 1937 kukatokea vurugu, wakulima wakizipinga kanuni za serikali kuhusu kahawa. Baada ya vita ya pili Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kuanzia mwaka 1948 ujumbe wa umoja huo ukawa unakuja kuangalia hali na kupokea malalamiko ya maandishi. Hapo aliyejua tofauti ya "tenant" na "owner", au ya "request" na "protest", alikuwa anabeba shamba la ukoo mzima kwenye ncha ya kalamu. Mdau anayecheka "big English" ya babu wa Muleba afikirie na hilo.

Wasichana walipata kidogo mno katika neema hiyo. Seminari ilikuwa ya wavulana, na ada ya kahawa ilitolewa kwa mtoto wa kiume kwanza. Bibi wengi wa kizazi kile walichuma kahawa iliyonunua kamusi ya kaka zao, wakabaki kuitwa Nshomile kwa sababu tu ya walikotoka.

Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Ilikuwa haki, nchi haiwezi kujengwa kwa lugha ya wachache. Ila sekondari ikaachwa kwenye Kiingereza, na ile ngazi ya zamani kati ya hizo mbili haikujengwa upya. Mwenye uwezo leo anampeleka mwanawe "English medium". Asiye na uwezo, na bei ya kahawa imeshamwangusha mara nyingi, anaisubiri kidato cha kwanza.

Basi mtoto wa Muleba anaingia kidato cha kwanza, mjukuu wa hao hao waliosifika. Anajua vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, alifundishwa usanisinuru akauelewa. Mwalimu anageuka ubaoni anaandika "photosynthesis". Darasa kimya. Na bahati mbaya hilo neno ni la Kigiriki, hata Kilatini cha Rubya kisingemsaidia.