Kuomba Kazi: Toka Kinywa cha Mdhamini hadi Mkono wa Mashine

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mavazi na mashairi tu. Umo pia katika mambo ambayo watu huyatenda kila siku bila kuyaita utamaduni, na mojawapo ni namna mtu anavyomwendea mwenziwe kumwomba kazi. Wahenga walisema kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake. Kwa msemo huo walitufundisha kuwa kila ombi lina mwenyewe, na kwamba mwombaji hana budi kukijua chungu kilichoko mekoni. Katika insha hii tunakusudia kuitazama historia ya ombi la kazi nchini mwetu, ili tupate kuipima vyema zana mpya iliyotufikia, yaani programu za kompyuta ambazo humwandikia mtu maombi ya kazi na kuyapeleka kwa niaba yake, pengine kwa makumi na mamia, bila yeye kuyasoma.

Hapo zamani ombi la kazi lilikuwa neno la kinywa, na aghalabu halikutoka kinywani mwa mwombaji mwenyewe. Kijana aliyetaka kujifunza uhunzi, useremala au uundaji wa majahazi alipelekwa kwa fundi na baba yake au mjomba wake. Mzee huyo ndiye aliyesema, na kwa kusema kwake aliiweka heshima yake rehani. Kijana akivunja adabu, aibu ilikuwa ya ukoo mzima. Hata katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walikwenda kwa makundi yenye wakubwa wao, na kirangozi aliyetangulia mbele alikuwa mtu mwenye kujulikana. Tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi, maana asiye na mjomba wa kumsemea alibaki mlangoni. Lakini tukumbuke jambo moja: palikuwapo mtu wa kuulizwa.

Ukoloni uliugeuza uhusiano huo. Katika mashamba ya mkonge kazi haikuombwa. Watu walitafutwa na kuandikishwa. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU kwa ufupi, nayo iliwaleta watu kutoka sehemu za mbali. Mfanyakazi alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, akajulikana kwa namba yake. Ndiko lilikotoka neno manamba, ambalo wazee wetu walilitamka kwa uchungu. Kwa jirani zetu wa Kenya kipande kilikuwa kizito zaidi: kuanzia mwaka 1919 na 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyao pamoja na maandishi ya mwajiri. Hapo mdhamini hakuwa tena mjomba, bali karatasi. Na karatasi hiyo haikuandikwa na yule aliyeibeba.

Sambamba na mashamba hayo, ofisi za serikali, reli na maduka makubwa yalihitaji makarani, na huko ndiko barua ya kuomba kazi ilikoota mizizi. Aliyejua kusoma aliandika mwenyewe. Asiyejua alimwendea mwandishi wa barua, aliyekaa barazani karibu na posta au mahakama na kalamu yake, na baadaye na taipureta. Tungependa kumtazama kwa makini mtu huyu, kwa sababu ndiye babu wa programu tunazozizungumzia. Yeye pia aliwaandikia wengine kwa malipo. Yeye pia alikuwa na maneno yaliyokwisha kupangwa, akibadili jina, shule na tarehe tu. Hata hivyo, mwandishi mwema hakuifunga bahasha kabla ya kumsomea mteja wake yaliyoandikwa. Mteja alisikiliza, akakubali au akakanusha, ndipo akatia sahihi au alama ya dole gumba. Mkono ulikuwa wa mwingine, lakini neno lilikuwa lake.

Baada ya Uhuru, na hasa Kiswahili kilipotiliwa nguvu kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, barua hiyo ilipata sura yetu wenyewe. Wengi wetu tuliizoea: anwani mbili, kichwa kilichopigiwa mstari, kisha maneno yasemayo “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, na mwishoni “Wako katika ujenzi wa taifa”. Ni kweli kwamba maneno hayo yalikaririwa shuleni. Lakini yalimkumbusha mwandishi kwamba kazi aliyoiomba ilikuwa na faida kwa wengine zaidi yake. Isitoshe, siku hizo wahitimu wengi wa vyuo walipangiwa kazi na serikali, hivyo barua moja au mbili zilitosha.

Siku hizo zimepita. Mwezi Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 130,000. Maombi ya utumishi wa umma sasa hupitia mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kilichotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na kijana asiye na kompyuta huenda steshenari akalipa ili aingiziwe vyeti vyake. Mwandishi wa barazani hajafa, amehamia steshenari.

Programu za kuomba kazi zenyewe zimetoka katika mazingira kama hayo, ila ughaibuni. Nchini Marekani matangazo ya kazi yalianza kuhamia katika intaneti miaka ya 1990. Monster Board, mojawapo ya mabaraza ya kwanza ya aina hiyo, ilifunguliwa mwaka 1994. Kutuma ombi kukawa rahisi, na waajiri wakafurikwa. Wakaweka programu za kuchuja wasifu wa waombaji kwa kutafuta maneno fulani. Waombaji nao, walipoona wanakataliwa pasipo kusomwa na mtu, wakatafuta mashine ya kujibu mashine. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mashine hiyo imekuwa na ufasaha. Mtu huingiza wasifu wake mara moja; programu hupekua matangazo, hujaza fomu, hutunga barua inayorudia maneno ya tangazo lenyewe, kisha hutuma. Upande mmoja akili mnemba inaandika, upande wa pili akili mnemba inasoma, na binadamu wawili waliokuwa na haja wanangoja nje.

Wala mashine isomayo si hakimu asiye na upendeleo. Mwaka 2018 ilifahamika kuwa kampuni ya Amazon ilikuwa imeiacha programu iliyoanza kuitengeneza mwaka 2014 ya kupima wasifu wa waombaji. Programu hiyo ilifunzwa kwa wasifu wa miaka 10 iliyotangulia, ambao mwingi ulikuwa wa wanaume, nayo ikajifunza kuwashusha wanawake.

Je, tumlaumu kijana atumiaye programu hizi? Hasha. Mtu aliyepeleka barua 50 bila kupata hata jibu la kukataliwa ana haki ya kuuliza kwa nini yeye aisome barua ambayo mpokeaji hataisoma. Lakini liko jambo ambalo hatuna budi kumwambia. Barua zikiwa elfu kumi na zote zikawa fasaha kwa kiasi kilekile, ufasaha hauthibitishi tena kitu. Mwajiri aliyechoka hatazisoma zote. Atapiga simu kwa anayemfahamu, naye atamtaja mpwa wake. Hivyo tutakuwa tumerudi kwa mjomba, ila safari hii bila ile heshima iliyowekwa rehani. Atakayeumia si mtoto wa mwenye cheo. Ni mtoto wa mkulima, ambaye kwake barua ilikuwa mlango pekee usiohitaji jina la ukoo.

Sheria imeanza kulitambua jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa juu yake na mitambo peke yake. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake ya mwaka 2024, umeiweka akili mnemba itumikayo katika ajira miongoni mwa zile zenye hatari kubwa. Lakini sheria haiwezi kuilinda thamani ya neno iwapo wenye neno wameliachia.

Basi rai yetu ni hii. Mashine na iandike, kama mwandishi wa barazani alivyoandika. Hakuna aibu kwa mtu kusaidiwa kalamu. Ila mwombaji asitie sahihi kabla ya kusomewa, na akikuta ameandikiwa ujuzi asio nao, aufute kwa mkono wake, maana siku ya usaili ataulizwa yeye. Mwajiri naye aweke mtu wa kuulizwa, mwenye jina na wajibu wa kujibu. Wazee wetu walitoka katika namba wakapata sahihi. Haitupasi sisi kuitoa sahihi hiyo ili tuwe namba tena.