Sarkoma ya Kaposi

Sarkoma ya Kaposi ni saratani inayotokana na seli zinazofunika kuta za ndani za mishipa ya limfu na ya damu. Mara nyingi huanza kuonekana kwenye ngozi, hasa ya miguu, kama mabaka au vinundu vyeusi visivyouma wala kuwasha, na inaweza kuenea hadi kinywani, kwenye mitoki, tumboni na mapafuni. Husababishwa na virusi, hupata nguvu kinga ya mwili inapolegea, na inatibika. Katika jamii nzima ya sarkoma, hakuna inayowapata watu wa Afrika Mashariki kama hii, na mengi ambayo madaktari wa dunia wanayajua kuihusu yalichunguzwa kwanza Kampala.

Mahali pake kati ya sarkoma

Saratani tunazozisikia kila siku, za matiti, shingo ya kizazi, tezi dume au koo, huanzia kwenye seli zinazofunika viungo au kutoa majimaji ya tezi. Sarkoma huanzia kwenye tishu unganishi: mifupa, gegedu, misuli, mafuta, kano na mishipa. Kwa kuwa tishu hizo zimeenea mwili mzima, sarkoma inaweza kuota popote, lakini kwa jumla ni saratani adimu. Kwa watu wazima ni takriban asilimia 1 tu ya saratani zote, ingawa kwa watoto sehemu yake ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linatambua aina zaidi ya 70. Osteosarkoma huwapata zaidi vijana wanaobalehe, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi, na mara nyingi hukaa karibu na goti. Rabdomiosarkoma ni ya misuli na huwapata watoto. Liposarkoma, inayotokana na tishu za mafuta, ni ya watu wazima, na inaweza kujificha nyuma ya tumbo hadi ikawa kubwa mno kabla mwenyewe hajaihisi.

Aina nyingi kati ya hizo huanza na hitilafu katika jeni za seli, bila sababu ambayo daktari anaweza kumwonyesha mgonjwa. Kaposi inatofautiana nazo kwa mambo mawili. Kwanza, haianzi lazima kama uvimbe mmoja ambao baadaye unasambaa. Inaweza kuzuka sehemu kadhaa za mwili karibu kwa wakati mmoja. Pili, chanzo chake kinajulikana. Kwa sababu hizo wako wanasayansi wanaosita kuihesabu pamoja na sarkoma nyingine, lakini jina lilitolewa zamani na limebaki.

Historia

Mwaka 1872 Moritz Kaposi, daktari wa ngozi jijini Vienna aliyezaliwa Kaposvár nchini Hungaria, aliandika habari za wagonjwa watano, wote wanaume wenye umri mkubwa, waliokuwa na uvimbe mwingi wa rangi nzito kwenye ngozi. Kwa miongo mingi baada yake, Ulaya iliujua ugonjwa huu kama maradhi adimu ya wazee wa kiume kutoka mwambao wa Mediterania na Ulaya Mashariki. Ulikwenda polepole, na wengi walioupata walikuja kufa kwa jambo jingine.

Barani Afrika hali ilikuwa nyingine kabisa. Baada ya rejista ya saratani kuanzishwa Kampala katika miaka ya 1950, ilidhihirika kwamba ugonjwa uliohesabiwa kuwa adimu Ulaya ulikuwa wa kawaida kuanzia mashariki ya Kongo hadi Uganda, na wagonjwa hawakukosekana Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Mwaka 1961 wataalamu walikusanyika Makerere kwa mkutano wa kimataifa uliohusu sarkoma hii peke yake. Walikuwa na maswali mazito. Kwa nini, kati ya watu wazima, wanaume kumi au zaidi waliugua kwa kila mwanamke mmoja? Kwa nini kulikuwa na watoto wadogo ambao ugonjwa uliwashika kwenye mitoki na kuwaua upesi? Na kwa nini ramani ya ugonjwa ilikuwa na maeneo yenye wagonjwa wengi karibu na mengine yasiyo nao? Wengine walishuku udongo unaokanyagwa na miguu mitupu, wengine wadudu, na wapo waliotaja maambukizi ambayo hakuna aliyeweza kuyaonyesha.

Mwaka 1967 kituo cha saratani kilifunguliwa katika hospitali ya Mulago, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo wagonjwa wa Kaposi walitibiwa kwa dawa za kemikali zilizolinganishwa kwa utaratibu wa majaribio ya kisayansi, na mwaka 1974 daktari Mganda Charles Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa waligawanywa kwa kura kati ya michanganyiko ya dawa. Jambo hili linastahili kutajwa kwa sauti, kwa kuwa vitabu vingi vinaianza habari ya Kaposi mwaka 1981, kana kwamba kabla ya hapo kulikuwa na wazee wachache wa Ulaya tu.

Kilichotokea mwaka 1981 ni kwamba madaktari wa New York na California walianza kuwaona wanaume vijana, mashoga, wenye Kaposi kali, pamoja na nimonia ambayo kwa kawaida huwapata watu wasio na kinga. Huo ulikuwa mwanzo wa kutambuliwa kwa UKIMWI. Miaka miwili baadaye, Lusaka, daktari wa upasuaji Anne Bayley aliona kwamba wagonjwa wake wa Kaposi wamebadilika. Ile ya zamani, iliyokaa miguuni kwa miaka, ilikuwa bado ipo na iliitikia dawa. Lakini kando yake ilikuja nyingine, iliyoshambulia mitoki, kinywa na mapafu, ikaua katika muda wa miezi, na haikuwabagua wanawake kama ile ya kwanza. Alikuwa anauona UKIMWI kabla ya kuwapo kipimo cha kuuthibitisha.

Kampala ilipata pigo kubwa zaidi. Rejista ya miaka ya 1989 hadi 1991 ilionyesha kwamba Kaposi imekuwa saratani ya kwanza kwa wanaume, karibu nusu ya saratani zao zote, na ya pili kwa wanawake.

Virusi

Mwaka 1990 Valerie Beral na wenzake walieleza kwamba mtawanyiko wa ugonjwa huu kati ya watu wenye UKIMWI haukueleweka bila kuwapo kiini kingine cha maambukizi mbali na VVU. Mashoga waliupata mara nyingi mno kuliko wagonjwa wa himofilia walioambukizwa VVU kwa kuongezewa damu, ingawa kinga ya wote ilikuwa imeshuka. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume waliokuwa Chuo Kikuu cha Columbia, walikipata kiini hicho. Walilinganisha DNA ya uvimbe na DNA ya ngozi nzima ya mgonjwa yuleyule, wakakuta vipande visivyokuwa vya binadamu. Virusi hivyo ni vya kundi la herpesi na huitwa HHV-8.

Huenezwa zaidi kwa mate. Afrika Mashariki wengi huvipata utotoni, nyumbani, kutoka kwa mama, ndugu au watoto wanaocheza pamoja. Kutafuniana chakula ni njia mojawapo inayotajwa. Hakuna mzazi wa kulaumiwa hapa, kwani virusi havina dalili na aliyenavyo hajui. Katika sehemu nyingi za Uganda kati ya theluthi na nusu ya watu wazima, na pengine zaidi, wana kingamwili zake, wakati Ulaya ya Kaskazini ni watu wachache sana. Vikishaingia havitoki. Hujilaza ndani ya seli, kinga ikivisimamia, na walio wengi huishi navyo hadi uzeeni bila kuugua.

Kinga ikiporomoka, virusi huamka. Huigeuza seli ya mshipa wa limfu kuwa seli ndefu iliyochongoka pande mbili, inayogawanyika ovyo na kuita mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo ni dhaifu na huvuja, na damu inayovuja ndiyo inayoyapa mabaka rangi yake: zambarau kwenye ngozi nyeupe, kahawia iliyokolea au nyeusi kwenye ngozi nyeusi. VVU ndiyo sababu kubwa ya kuporomoka huko, lakini si ya pekee. Waliopandikizwa figo na kumeza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya wanaweza kuipata Kaposi, na mara nyingi hupungua dawa hizo zikibadilishwa au kupunguzwa. Na ile Kaposi ya kale ya Afrika, isiyo na uhusiano na VVU, haijatoweka. Mtu anaweza kuwa na Kaposi na kipimo chake cha VVU kikawa hasi, mara moja na hata kikirudiwa. Wanaodhani kila baka la Kaposi ni tangazo la UKIMWI huwafanya wagonjwa wajifiche, na huwafanya wazazi wasikubali mtoto wao apimwe.

Dalili na utambuzi

Baka la kwanza ni rahisi kupuuzwa. Haliumi wala haliwashi, na kwenye ngozi nyeusi hufanana na kovu la zamani. Baadaye hunyanyuka, hukakamaa na kuongezeka. Wakati mwingine hupasuka na kuwa kidonda. Mahali ambapo kila mhudumu wa afya angepaswa kupaangalia ni ndani ya kinywa, juu kwenye kaakaa na kwenye ufizi, maana doa jeusi au la zambarau linaweza kutokea hapo kabla ngozi haijaonyesha lolote.

Mguu huvimba kwa sababu njia za limfu zimezibwa. Ngozi huwa ngumu kama ubao, kifundo hakikunjiki, na kutembea kunakuwa mateso. Pwani, ambako matende yanajulikana, mguu wa namna hii huitwa matende na hutibiwa kama matende. Kwingine husemwa mgonjwa amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na miezi hupotea kwa waganga. Kaposi ya mapafu huleta kikohozi, pumzi fupi na pengine makohozi yenye damu, na wengi huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Kwa mtoto, dalili ya kwanza inaweza kuwa mitoki iliyovimba tu, pamoja na upungufu wa damu, bila baka hata moja.

Kuangalia kwa macho hakutoshi, hata kwa mzoefu. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda ulionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne waliodhaniwa kuwa na Kaposi hakuwa nayo maabara ilipochunguza. Kwa hiyo huchukuliwa kipande kidogo cha nyama kutoka sehemu yenye ugonjwa ili kichunguzwe maabara. Kwa ngozi ni kazi ya dakika chache: ganzi, kifaa kidogo cha mviringo, bandeji. Wauguzi katika baadhi ya vituo vya Kenya na Uganda wamefundishwa kukichukua wenyewe na wamefanya kazi hiyo kwa usalama. Kinachokwamisha mara nyingi ni hatua inayofuata, kwa kuwa wanapatholojia ni wachache na majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi.

Tiba

Mwenye VVU huanzishiwa au huendelezewa dawa za ARV, na kwa mabaka machache hilo peke yake laweza kutosha. Kinga ikipanda, mabaka hufifia. Hata hivyo, katika wiki za mwanzo za ARV baadhi ya wagonjwa huona hali ikizidi, uvimbe ukifura na mabaka yakiongezeka, kwa sababu kinga iliyoamka inapambana kwa fujo. Mgonjwa asipoelezwa mapema, hudhani dawa zinamuua na kuziacha. Hali inapozidi hivyo ndio wakati wa kurudi kliniki haraka. Ni muhimu pia daktari akumbuke kwamba prednisoloni na dawa za jamii yake, zinazotolewa kwa wepesi kwa pumu au aleji, zinaweza kuiwasha Kaposi upya.

Ugonjwa ukiwa umeenea, au mguu umevimba, au viungo vya ndani vimeguswa, ARV huambatana na tiba ya kemikali. Kwa miaka mingi mchanganyiko uliotumika katika hospitali zetu ulikuwa bleomisini na vinkristini, kwa kuwa ulikuwa nafuu na ulipatikana. Jaribio kubwa lililowashirikisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, na kuchapishwa mwaka 2020, lililinganisha dawa hizo na paklitakseli. Baada ya wiki 48, asilimia 64 ya waliopata paklitakseli walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 44 ya waliopata mchanganyiko wa zamani. Doksorubisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta nayo inafanya kazi vizuri, lakini bei yake imeiweka mbali na wengi. Mionzi hutumika kwa sehemu moja inayosumbua, kwa mfano kidonda kinachovuja damu. Nchini Tanzania, tiba hizi hutolewa kwa wingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996 katika majengo ya hospitali ya zamani ya Wajerumani.

Virusi vyenyewe havina chanjo, wala dawa ya kuving'oa mwilini. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyepona mabaka huendelea kuangaliwa, na kurudi kwa ugonjwa hutibiwa tena.

Mguu uliovimba hauishi na dripu ya mwisho. Limfu iliyozibiwa njia kwa muda mrefu hubaki imetuama, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa bakteria. Mgonjwa huoshwa au hujiosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, hukausha katikati ya vidole, huupaka mafuta ngozi isipasuke, huufunga bandeji ya kubana kuanzia vidoleni kupanda juu, na huuinua anapolala. Viatu vipana vilivyofungwa ni sehemu ya tiba hiyo, na kuviagiza kwa fundi viatu wa mtaani mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata vinavyoingia. Homa ya ghafla, pamoja na mguu kuwa wa moto na kuuma, ni dalili ya maambukizi yanayohitaji antibayotiki siku hiyohiyo.