GOBORE LA BABU: LILIFIKAJE NYASA, NA UJUE NINI KABLA HUJALISHIKA



Ndugu yangu katika imani, darsa letu la leo ni historia, na ndani yake mna hukumu. Soma taratibu mpaka mwisho.

Huenda wewe ni kijana wa Ngaka, au wa vijiji vya juu Umatengo, au wa ufukweni kule Liuli na Mbamba Bay. Nyumbani kwa babu lipo gobore. Nyani na nguruwe pori wanamaliza mahindi, na wewe unataka kujifunza kulipiga. Nia ya kulinda jasho lako si mbaya. Lakini mtu hashiki kitu bila kujua kilitoka wapi na kinadai nini.

1. GOBORE NI NINI?

Ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Unatia baruti kwenye mtutu, unatia kizibo, unashindilia kwa mdeki, kisha risasi au marisau, kisha kizibo tena. Zile za zamani ziliwashwa na jiwe, ndiyo maana wazee waliziita gumegume. Zilizofuata zinawashwa na fataki.

Baruti yake ni nyeusi: shura, kiberiti na makaa. Wewe wa Ngaka umezoea makaa ya mawe yanayochimbwa kwenu. Sikiliza, ya baruti si hayo, ni makaa ya mti.

Elimu hiyo ilianza China, ikapita mikononi mwa Waislamu. Ibn al-Baytar, aliyefariki 1248, aliandika kwamba shura iliitwa theluji ya China. Karne hiyo hiyo, Hasan al-Rammah wa Shamu aliandika namna ya kuisafisha. Hata neno letu "bunduki" limetoka katika Kiarabu, bunduq, yaani aina ya kokwa, kisha likawa jina la kijidonge cha udongo cha kupigia ndege, kisha la risasi, mwisho la silaha yenyewe. Likumbuke neno hili, tutalirudia.

2. LILIFIKAJE NYASA?

Lilikuja kwa misafara kutoka Kilwa. Wafanyabiashara wa pwani na machifu wa Kiyao walipeleka pembe za ndovu na watumwa, wakarudi na nguo, bunduki na baruti. Ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, miaka ya 1840 alikaa Salim bin Abdallah, mtu wa pwani aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, na majahazi yake yakivusha watu na mizigo mpaka upande wetu wa mashariki. Kusini ya Ruvuma, Mwembe, alitawala Mataka, na Livingstone alifika kwake mwaka 1866. Njiani alikuta maiti za watumwa zimefungwa kwenye miti.

Balozi wa Uingereza Zanzibar, Rigby, alitoa taarifa kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa peke yake walipita forodha ya Zanzibar kwa mwaka. Mwenzake wa baadaye, Euan-Smith, mwaka 1888 alikadiria bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Ziweke hesabu hizi mbili pamoja. Watu walishuka pwani, mitutu ikapanda bara.

Na hapa tuseme kweli, hata kama inauma. Njia zile zile zilileta msahafu, adhana na vyuo vya Qur'ani kando ya ziwa. Wako waliosali safu ya mbele na mlangoni pao mna minyororo. Mtu akikuambia hilo usikasirike wala usikane. Mwambie: dini yetu ndiyo iliyowahukumu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba Siku ya Kiyama atakuwa mshitaki wa watu watatu, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza wa 1873 ulifunga soko la Zanzibar, lakini hukumu hiyo ilikuwapo miaka zaidi ya 1,200 kabla yake.

Basi gobore la karne ile, kabla halijaua mnyama hata mmoja, mara nyingi lilikuwa limeshalipiwa kwa mtoto wa mtu.

3. JE, LILIMWOKOA NANI?

Tazama wazee wa Kimatengo. Wangoni walipotoka kusini na mikuki na ngao, wengi wao waliokolewa na mlima. Walipanda juu, wakalima ngoro kwenye miteremko mikali, na ngoro hizo mpaka leo zinashika udongo na maji ya Mbinga. Gobore ni silaha ya pigo moja. Ukishapiga, unasimama kushindilia upya, na moshi mweupe umeshamwonyesha adui ulipo.

Wazungu walilijua hilo. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890 walizuia silaha kuingia Afrika, wakaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu na baruti ya kawaida. Za kisasa wakabaki nazo majeshi yao. Yaani Mwafrika aruhusiwe ile isiyoweza kuwazuia.

Matokeo yalionekana 1905. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni, watu walikuwa na mikuki, magobore machache, na dawa waliyoambiwa itageuza risasi kuwa maji. Mbele yao ilikuwa bombomu. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Tunawaheshimu kwa kukataa dhulma. Lakini kama Waislamu tunasema: kutegemea dawa isiyo na dalili si tawakkul. Tawakkul ni kufunga ngamia kwanza.

4. SASA WEWE UNAYETAKA KUANZA

Kwanza, SHERIA. Uzee wa gobore hauliondolei hukumu ya silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kumiliki bila kibali ni kosa. Kurithi si kibali. Nenda polisi kabla polisi hawajaja. Na wanyamapori wana sheria yao ya 2009, kwa hiyo hata nyani wa shambani mwulize kwanza afisa wanyamapori. Muumini hutimiza ahadi, na sheria ya nchi inayokulinda wewe na jirani yako ni ahadi.

Pili, USALAMA. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha. Na aliyebeba mishale akipita msikitini au sokoni, alimwamuru azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya somo la gobore. Mengine ni haya:

- Mtutu uliotengenezwa kwa bomba la maji usiuguse. Unaweza kupasuka usoni pako.
- Usitie baruti ya risasi za kisasa ndani ya gobore. Nguvu yake ni nyingine kabisa.
- Usishindilie mara mbili kwa kusahau kwamba lilikuwa na mzigo. Huo ndio msiba wa magobore mengi.
- Usimimine baruti moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa. Cheche iliyobaki ndani ya mtutu italipua mkononi kile ulichoshika. Pima kidogo pembeni.
- Likikataa kulia, usichungulie. Moto huweza kuchelewa. Elekeza mdomo mahali salama, ngoja.
- Ukimaliza, osha kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hula chuma.
- Na usijifunze peke yako. Tafuta mwenye kibali na uzoefu.

Tatu, HALALI. Kumbuka lile neno bunduq. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 3, ameharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito. Adiyy bin Hatim alipouliza kuhusu fimbo ya kuwindia, Mtume akamfundisha: iliyopiga kwa ncha ikatoboa, kula, iliyopiga kwa ubavu, usile. Kijidonge cha udongo kilikuwa cha kundi la pili.

Bunduki ilipokuja, wanazuoni wakatofautiana. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, aliona risasi inaua kwa msukumo na kuunguza, si kwa makali. Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, aliona inatoboa na kupenya, basi ni halali. Wengi leo wanaifuata kauli hii ya pili. Wewe jitoe kwenye shaka: taja jina la Mwenyezi Mungu unapopiga, na ukimkuta mnyama yu hai, mchinje. Nguruwe pori unamfukuza kwa ajili ya shamba, si kwa ajili ya sufuria. Na Mtume amekataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha ya kujifurahisha.

NDUGU YANGU, babu amekuachia chuma na kuni. Wewe ndiye utakayekitia nia. Kama huwezi kulibeba kwa kibali, kwa uangalifu na kwa halali, kulisalimisha ni ibada na wala si woga. Serikali imewahi kutoa nafasi ya kusalimisha silaha bila kushitakiwa. Nafasi kama hiyo ikitangazwa, itumie. Utakuwa umelifunga deni lililofunguliwa njiani kuelekea Kilwa.

Ewe Mola, warehemu waliouzwa katika njia zile na ambao majina yao hatuyajui. Ilinde mikono yetu isimwage damu bila haki. Bariki mashamba ya Mbinga na nyavu za Nyasa. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako mwenye gobore nyumbani.